Harufu ya Petroli Kwenye Oili

Toyota Nadia ya mwaka 1999 iliingia gereji ya nne ikiwa imeshabadilishiwa plagi, sensa ya oksijeni na pampu ya mafuta ya kwenye tenki. Bado ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi. Sailensa, yaani mngurumo wa injini gari likiwa limesimama, ilipanda na kushuka, na gari likisimama kwenye taa za Tazara lilizimika. Mwenye gari, shemeji yangu, alikuwa ameambiwa na gereji zote tatu za mwanzo kwamba D-4 ni injini ya matatizo, aitoe aweke nyingine. Alikuja na fedha za injini mkononi. Nilimwomba asubiri siku mbili, nikafuatana naye kwa fundi mzee wa Ilala ninayemwamini, kwa sababu nilitaka kuona gari linapimwa kabla ya kuhukumiwa.

Hatimaye injini ilitolewa kweli. Hata hivyo naandika juu ya vile vipimo, kwa kuwa vilituonyesha kwamba miezi sita nyuma gari lile lingepona kwa kubadilishiwa pampu moja tu.

Injini yenyewe inaitwa 3S-FSE, ya cc 1998, na D-4 ni jina la Toyota la mfumo wake wa kupuliza petroli. Toyota iliitoa mwaka 1996 kwenye Corona Premio, mwaka ule ule Mitsubishi ilipotoa injini yake ya mfumo kama huo, GDI, kwenye Galant. Kwenye injini ya kawaida ya enzi hizo, nozeli hupuliza petroli nje ya silinda, nyuma ya valvu ya kuingiza hewa, kwa presha ya takriban bar 3. Kwenye D-4, nozeli imechomekwa ndani ya silinda yenyewe na inapuliza kwa presha inayofika bar 120. Presha hiyo hutoka kwenye pampu ya pili iliyofungwa juu ya injini, inayosukumwa na kamshafti. Faida yake ni kwamba gari likitembea taratibu linaweza kuchoma mchanganyiko mwepesi mno, hadi sehemu 50 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, wakati injini ya kawaida inataka karibu 14.7 kwa moja. Ni kazi ya uhandisi ninayoiheshimu, na siungani na wanaosema Wajapani walikosea. Walitengeneza injini kwa ajili ya mafuta safi na mwenye gari anayefuata ratiba ya matengenezo. Gari linapofika kwetu lina umri wa miaka kumi au zaidi, na limekuta nchi ambayo neno kuchakachua lilienea kwa sababu ya petroli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya tatizo hilo hilo.

Fundi hakugusa spana. Alichomoa stiki ya oili, akaitazama, akainusa, kisha akampa shemeji ainuse. Oili ilikuwa imevuka alama ya juu kwa kama sentimita moja na ilinuka petroli waziwazi. "Mama, uliongeza oili lini?" Shemeji akasema hajaongeza tangu amwage, na alikuwa akifurahi kwamba gari lake halili oili.

Kwa kweli injini iliyochoka hupunguza oili. Oili ikipanda yenyewe, kuna kitu kinaingia. Yakiwa maji, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ikiwa petroli, hubaki nyeusi lakini nyepesi, inateleza kwenye stiki kama maji. Fundi alidondosha tone moja kwenye karatasi ya gazeti, na baada ya dakika chache pete pana yenye unyevu ikaenea kuzunguka doa jeusi. Alimkataza kabisa kijana wake aliyetaka kuijaribu kwa kiberiti, na mimi nalirudia katazo hilo hapa.

Kipimo cha pili kilinifurahisha zaidi kwa urahisi wake. Mvuke wa oili kutoka chini ya injini hurudishwa kwenye njia ya hewa kwa mpira mmoja mdogo ili uchomwe. Aliuchomoa mpira huo gari likiwa linaunguruma, akaziba pande zote mbili kwa muda. Sailensa ikatulia. Akaurudisha, ikaanza kuyumba tena. Kumbe injini ilikuwa inakunywa petroli kwa njia mbili: ile iliyopimwa na kontrol boksi, na mvuke wa petroli uliopanda kutoka kwenye oili, ambao hakuna sensa iliyouhesabu.

Hapo ndipo sensa ya oksijeni ilipoeleweka. Magari haya ya soko la Japani ya miaka ile yana soketi inayofanana na ya kisasa lakini hayazungumzi lugha ya skana za bei nafuu, ndiyo maana gereji ya kwanza ilisema kompyuta haisomi. Fundi aliunganisha pini za TE1 na E1 kwa kipande cha waya, akawasha swichi, akahesabu taa ya injini kwenye dashibodi: mara mbili, kituo, mara moja. Msimbo 21, unaotaja saketi ya sensa ya oksijeni. Gereji iliyoibadilisha haikuwa imesoma vibaya. Kosa lake lilikuwa kuitibu sensa bila kuuliza kwa nini imekuwa nyeusi. Tulipoitoa ile mpya, yenye umri wa wiki tano, ilikuwa imefunikwa masizi kama sufuria ya kuni.

Pampu ya presha ikafunguliwa. Sili ya ndani ilikuwa imelika, na petroli ilikuwa ikishuka moja kwa moja kwenye chumba cha kamshafti hadi kwenye oili. Ugonjwa huu ni maarufu kwa 3S-FSE. Ukigunduliwa mapema, unabadilisha pampu, unamwaga oili, unasafisha masizi kwenye manifoldi ya hewa, na gari linarudi barabarani. Masizi hayo nayo ni ya D-4 hasa: kwa kuwa petroli haipiti njia ya hewa, hakuna kinachosafisha migongo ya valvu, na moshi unaorudishwa kuchomwa tena huacha uchafu wake pale miaka nenda rudi.

Shemeji alitabasamu aliposikia neno pampu. Fundi akamwambia, "Ngoja kwanza, nipime kompresheni."

Silinda ya kwanza ilisoma 175 psi, ya pili 170, ya tatu 118, ya nne 172. Kwa injini nyingi za Toyota za enzi hizo, tofauti kati ya silinda na silinda haitakiwi kuzidi takriban 14 psi, na hata ile ya chini kabisa isishuke chini ya 140 hivi. Akatia kijiko cha oili kwenye silinda ya tatu kupitia tundu la plagi, akapima upya: 150. Kama tatizo lingekuwa valvu au gasketi, oili isingebadilisha kitu. Kupanda kule kulimaanisha kuwa oili iliziba kwa muda pengo ambalo ringi za pistoni zilishindwa kuliziba. Kisha akashusha sampu. Chini kulikuwa na vumbi laini linalong'aa, na beringi mbili za krenkishafti zilikuwa zimeshakwanguka hadi kuonyesha rangi ya shaba.

Ajali hii yote ilianzia kwenye sili moja. Petroli iliosha oili kwenye kuta za silinda, ikaipunguza uzito oili inayobeba krenkishafti, na kwa miezi sita gari likaendeshwa hivyo, kila gereji ikibadilisha kilichokuwa karibu na mkono. Hapo sasa kubadilisha injini kulikuwa na hoja. Kuzichonga silinda, kununua ringi na beringi, kisha kununua pampu ya presha na kuirudisha injini ile ile kungezidi gharama ya injini nzima ya mtumba.

Swali likawa injini ipi. Dalali mmoja alitaka kutuuzia 1AZ-FSE, ile iliyofungwa kwenye Nadia kuanzia mwaka 2001. Hiyo pia ni D-4, na sikuona sababu ya kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile. Kijana mwingine alishauri 1JZ ya Mark II. Sitaki kuwakatisha tamaa vijana, lakini injini ndefu ya silinda sita ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma haina mahali pa kukaa kwenye Nadia. Jibu lilikuwa 3S-FE, ndugu wa injini ile ile: bloku ya chuma, kipenyo cha silinda mm 86 na mwendo wa pistoni mm 86, nozeli za kawaida. Toyota yenyewe iliifunga kwenye baadhi ya Nadia, kwa hiyo chasisi inaijua. Unapoteza nguvu kidogo, kutoka farasi 145 hadi 135, na mafuta yataenda zaidi kidogo kwenye mwendo wa taratibu.

Ilala kulikuwa na 3S-FE tele, ila nyingi zilikuwa zimetolewa kwenye Noah SR40. Kwenye Noah injini imekaa chini ya viti vya mbele, kwa urefu wa gari. Sampu, manifoldi na viegemeo vyake ni tofauti. Tukangoja siku tatu hadi ikapatikana ya Ipsum SXM10, iliyokaa kwa upana wa gari kama ya Nadia, ikiwa na gia boksi yake, waya zake zote na kontrol boksi yake. Fundi alishikilia sharti hilo la waya na kontrol boksi kama imani ya dini, na alikuwa sahihi. Injini tupu ni rahisi kununua, lakini anayeinunua hivyo huanza kuokoteza vipande, na gari linaishia kuegeshwa uani.

Kabla ya kulipa alizungusha krenkishafti kwa mkono, akafungua kifuniko cha oili kutafuta matope, akachungulia njia za maji kuona kutu, kisha akafunga stata na betri palepale chini akapima kompresheni ya silinda zote nne. Ikiwa bado nje ya gari, alibadilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji, thamostati na sili za mbele na nyuma za krenkishafti. Injini ikishafungwa, kubadilisha sili ya nyuma ya shilingi chache kunadai kushusha gia boksi.

Vyuma vilichukua siku moja, waya zikachukua tatu. D-4 ina kisanduku cha pili kinachopandisha volti za nozeli. Hicho kilitolewa kabisa. Throto yake inaendeshwa na mota ya umeme, wakati ya Ipsum huvutwa na waya wa chuma kutoka kwenye kanyagio, hivyo waya wa urefu unaofaa ulitafutwa. Geji ya joto, mshale wa mizunguko, taa ya oili na taa ya injini zilifuatwa moja moja hadi dashibodi ikasema kweli. Hakuna waya uliosokotwa na kufungwa selotepu; kila kiungo kilichomelewa na kuvikwa mpira. Mwisho alipima presha ya petroli kwenye reli ya nozeli, akaunganisha tena TE1 na E1. Taa ikapepesa mfululizo bila kituo, maana yake hakuna hitilafu iliyohifadhiwa.

Namba ya injini iliyo kwenye kadi ya gari sasa haikuwa ile iliyomo ndani ya boneti. Shemeji alichukua risiti na nyaraka za injini, akapeleka taarifa Mamlaka ya Mapato, TRA, ili kadi irekebishwe, akaijulisha na kampuni ya bima. Wengi huruka hatua hii, kisha wanakwama siku ya kuuza gari au ya kudai fidia.

Nadia ile imeshafika Morogoro na kurudi mara kadhaa. Nawe kama una gari lenye maandishi ya D-4, kesho asubuhi kabla hujaliwasha, chomoa stiki ya oili, tazama kiwango chake, kisha uinuse. Ikinuka petroli, usiliendeshe hata siku moja zaidi kabla pampu ya presha haijafunguliwa.