Sifa ya Fundi Aijuaye Sindano Yake

Fundi cherehani husifiwa aghalabu kwa kile kionekanacho machoni pa watu, kama vile ukosi uliokaa sawa na upindo usiokwenda mrama. Mimi nataka kusifu maarifa yake yaliyofichika, nayo ni ule uhodari wa kumtambua mkosa pale cherehani inapogoma. Katika baraza za maduka ya Jinja, mji wa Uganda ambao baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954 umeme wa Naili uliendesha kiwanda chake cha nguo cha Nyanza, mwanafunzi aonapo mishono inaruka hukimbilia parafujo ya kukazia uzi, akaikaza, akailegeza, hata mashine nzima ikapoteza mizani, ilhali tuhuma ilistahili kuanzia kwenye kitu kilicho rahisi kuliko vyote mezani, yaani sindano.

Fundi mzee hana haraka hiyo. Huichomoa sindano akailaza ubavu wake bapa juu ya kipande cha kioo, akachungulia mwanga upitao chini yake, kwani iliyopinda huachia mwanga mwingi upande mmoja. Kisha huipitisha ncha juu ya ukucha wake, nayo ikikwaruza, basi imekwisha.

Ukali huo una sababu. Sindano ikishafika chini na kuanza kupanda, uzi hulegea nyuma yake na kufanya kitanzi kidogo, ambacho ndoana izungukayo bobini huko chini haina budi kukidaka wakati uo huo. Kwa hiyo sindano iliyopinda kidogo tu, au iliyopachikwa isifike juu kabisa, au ambayo ubavu wake bapa haukuielekea ndoana, hukifanya kitanzi kipite bure, na mshono ukaruka.

Namba nayo ina hukumu yake. Katika 90/14, tisini ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita. Kaki ya sare za shule hutaka 100/16, na jinzi 110/18. Lakini huko Mbale, aletewapo fundi satini ya gomesi, vazi la sherehe la wanawake, hushuka hadi 75/11 iliyo mpya, maana butu huvuta nyuzi za kitambaa na kuacha mstari usiofutika hata kwa pasi.

Lililo baya kuliko yote ni pupa ya kuvuta nguo kwa mkono, badala ya kuyaachia meno ya cherehani kazi yake. Sindano hupinda, hugonga kibati kilicho chini yake, ikavunjika, nayo huacha jeraha kwenye tundu la kibati, ambalo litaendelea kukata uzi hata sindano mpya ikipachikwa, na watu wakamlaumu muuza nyuzi asiye na hatia. Hapo fundi hulisugua tundu kwa msasa laini, polepole, akipima kwa kupitisha uzi. Ila kabla ya hayo yote huokota vipande vya sindano iliyovunjika na kuviunganisha kiganjani mpaka itimie, wala hakanyagi tena pedeli kipande kimoja kikikosekana, kwa kuwa ncha iliyobaki ndani ya upindo wa gomesi itamfuata mwenye nguo mpaka harusini.