Pongezi kwa Washauri wa Wanamichezo Vyuoni
Washauri nasaha wa wanamichezo katika vyuo vya Marekani wanastahili pongezi kwa kazi isiyoonekana kwenye ubao wa matokeo. Tyler Hilinski, mwanamichezo wa chuo kikuu cha Washington State, alipojitoa uhai Januari 2018, wazazi wake walianzisha wakfu wa Hilinski's Hope; nayo NCAA, inayosimamia michezo ya vyuo na yenye wanamichezo zaidi ya 500,000, sasa inavitaka vyuo viwapatie huduma za afya ya akili. Wapo wasemao eti huko ni kuwadekeza! Mbona mwenye goti lililoteguka haitwi mlegevu? Hoja yao nzito zaidi ni kwamba mshauri mara nyingi hulipwa na idara ileile inayotaka ushindi. Kweli, lakini maadili ya taaluma humfunga mdomo hata kocha akiuliza, na ofisi yake ikiwa jirani na uwanja, kijana mwenye mazoezi alfajiri na masomo mchana humfikia.