Jina la Mchongaji ni Amana



Ukifungua jarida la fasihi, kwa kawaida utakuta mambo manne: picha ya sanaa kwenye jalada, mahojiano na msanii au mzee wa mji, tahakiki za vitabu, na habari za mikutano ya wasomaji. Yote manne ni mema. Lakini je, umepata kujiuliza ni nani aliyekichonga kile kinyago cha jaladani? Mara nyingi utaona chini yake maneno mawili tu: "Sanaa ya Kimakonde". Mpiga picha ametajwa, mhariri ametajwa, mpiga chapa ametajwa. Mchongaji hayupo. Hili si jambo dogo, na makala hii yakusudia kueleza kwa nini.

Tuanze na kisa cha zamani. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijesha, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alifika Masasi, kisha akapanda uwanda wa Makonde mpaka Newala. Alikuwa na kamera, na mashine ya kunasa sauti juu ya silinda za nta. Watu walimwimbia na kumsimulia mila zao, naye akakusanya vinyago na vyombo vyao. Kitabu chake kilitoka Leipzig mwaka 1908 kwa Kijerumani, na mwaka 1909 kikatoka London kwa Kiingereza, kwa tafsiri ya Alice Werner. Tumfanyie insafu: baadhi ya watu aliokutana nao, kama Matola, mkuu wa Wayao, aliwataja kwa majina. Hata hivyo vinyago na sauti vilikwenda Ujerumani, na kitabu kiliandikwa kwa lugha ambazo wenyewe waliosimulia hawakuzisoma. Kilichochotwa Newala hakikurudi Newala.

Basi hiki ndicho kipimo ninachokuomba ukitumie kwa kila jarida: je, linamtaja lililochota kwake, na je, linamrudia?

Jina likipotea, na elimu hupotea. Majarida mengi huvisifu vinyago vya mpingo kana kwamba vyote vimetoka uwanda wa Newala. Sivyo. Sehemu kubwa ya vinyago vilivyopata sifa duniani ni kazi ya Wamakonde waliovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi Tanganyika, wakachonga na kuuza Dar es Salaam. Hata mtindo uitwao "shetani" una mtu wake: hutajwa Samaki Likankoa, na mfanyabiashara Mohamed Peera aliyezinunua kazi za wachongaji hao. Kwa upande wa pili, wenyeji wa uwanda huu wana barakoa za midimu, ambazo huvaliwa na kuchezwa ngomani, wala hazikuumbwa kwa kutundikwa ukutani. Mhakiki asiyetenganisha mambo haya amehakiki nini?

Utasema, "Sisi Waislamu yanatuhusu nini masanamu?" Swali lako ni la haki. Hukumu ya kuchonga viumbe wanavyuoni wameieleza, na makala hii haikuja kuibadilisha. Lakini Suratul Maida inatuamrisha tufanye uadilifu hata kwa watu tusiopatana nao. Waweza usikiweke kinyago nyumbani mwako, na bado ukaona kuwa kumnyima mtu jina la kazi ya mkono wake ni dhuluma.

Tena sisi ndio tungepaswa kulifahamu jambo hili kabla ya wengine. Elimu ya Hadithi imesimama juu ya isnadi: fulani amepokea kwa fulani. Mapokezi yasiyo na msimulizi hutiliwa shaka. Watunzi wa tenzi wa pwani nao walizoea kujitaja mwishoni mwa utungo. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ingawa lilikuwa la serikali ya kikoloni, lilichapa mashairi pamoja na majina ya watunzi na miji yao, na washairi wakajibizana humo. Ikiwa mshairi ana jina na mji, mchongaji amekosa nini?

Katika mahojiano amana ni nzito zaidi. Mzee wa Newala akieleza habari za jando, yako ya kusemwa hadharani na yako ya kuhifadhiwa. Akisema, "Hapa mwanangu usiandike," basi kalamu na isimame. Maneno ya barazani ni amana, na mwandishi anayeiba siri ili kurasa zake zinoge hakuelimisha mtu.

Ama mikutano, tuna mfano wa karibu. Jarida la Kwani?, lililoanza Nairobi mwaka 2003, liliandaa jioni za mashairi ambapo watu walisimama na kusoma kazi zao wenyewe. Hilo ni jema. Lakini mikutano ya namna hii huishia miji mikubwa. Jarida lililopata picha yake uwandani halina udhuru wa kutopeleka nakala Masasi na Newala, likasomwa kwa Kiswahili mbele ya waliohojiwa, baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi. Hapo mzee atasema, "Hili sikulisema hivi," na mhariri atasahihisha. Tahakiki gani iliyo bora kuliko hiyo?

Nawe msomaji una sehemu yako. Ukiona picha isiyo na jina, mwandikie mhariri kwa adabu, umuulize: ni nani huyu, anakaa wapi, na je, ameiona nakala yake? Wasomaji wakizoea kuuliza, wahariri watazoea kutafuta.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotekeleza amana. Amin.