Kiambishi na Mahali Asimamapo Msemaji: Mfano wa Trans Nzoia na Bungoma

Viambishi vya Kiingereza mara nyingi hufundishwa kwa orodha ya safu mbili. Upande mmoja huandikwa kiambishi, upande wa pili maana yake: "un-" ni kukanusha, "re-" ni kurudia, "-er" ni mtenda, "trans-" ni ng'ambo au kuvuka. Mwanafunzi huambiwa achukue mzizi, aupachike kiambishi, na maana mpya itapatikana. Orodha hiyo ina manufaa yake, lakini ina kasoro kubwa: humfanya mwanafunzi aamini kwamba maana imo ndani ya kiambishi kama maji yalivyo mtungini.

Mwanafunzi wa Kitale au Bungoma haingii darasani mikono mitupu. Asemaye Lubukusu ameshajua kwamba "khulima" ni tendo na "omulimi" ni mtu. Katika Kiswahili anajua "lima", "limia", "limisha", "mkulima" na "kilimo". Ujuzi huu ungetumiwa, orodha ingerekebishwa mapema. Chukua "un-". Katika "unhappy" inakanusha sifa. Lakini katika "untie" haikanushi lolote, maana "untie" si kutofunga bali ni kufungua. Kilichofungwa kinarudishwa katika hali yake ya kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya kiambishi tamati kitenganishacho "funga" na "fungua", "kunja" na "kunjua". Hivyo basi umbo moja la Kiingereza lina kazi mbili, kwa kutegemea linapachikwa kwenye neno la aina gani. Orodha haisemi hivyo.

Yafaa sasa kuchunguza "trans-", kwa sababu wenyeji wa Kitale huishi ndani ya jina lenye kiambishi hicho. Trans Nzoia, ambayo katika Katiba ya mwaka 2010 ni kaunti ya 26, maana yake ni ng'ambo ya Nzoia. Mwanafunzi wa mjini Bungoma aliyekariri orodha yake vizuri ataamua kwamba akitaka kwenda Kitale hana budi kuvuka mto Nzoia. Ataamua hivyo kwa mantiki sahihi, naye atakuwa amekosea. Bungoma na Kitale ni miji ya upande mmoja wa mto huo. Apitaye Chwele na Kimilili hadi Kitale huvuka mito mingine, wala haivuki Nzoia. Kwake yeye, ng'ambo ya Nzoia ni huko kwenye njia ya kwenda Eldoret.

Kosa basi liko wapi? Si katika kamusi, wala si katika jiografia. Liko katika kusahau kwamba "ng'ambo" haina maana mpaka ijulikane msemaji amesimama wapi. Jina hili lilitungwa na mtu aliyekuwa akija kutoka upande wa Nairobi na Uasin Gishu, mto ukiwa mbele yake, penye daraja lililoitwa Hoey's Bridge na ambalo leo ni Moi's Bridge. Eneo hilo lilitengwa kuwa sehemu ya Nyanda za Juu za Wazungu, na jina likatazama kule alikotazama mlowezi. Warumi walikuwa na jozi kamili: "cis-" kwa upande huu wa milima ya Alpi, "trans-" kwa upande ule. Katika ramani za Kenya haikuandikwa "Cis-Nzoia" hata mara moja. Asimamapo mtoa majina hapahitaji kiambishi.

Linganisha na "bu-" ya lugha za Kiluhya. Bunyala ni nchi ya Abanyala, Bukhayo ni nchi ya Abakhayo. Kiambishi hiki nacho hujenga jina la mahali, lakini huanzia kwa watu wakaao hapo. "Bu-" hujibu swali la nchi ni ya nani. "Trans-" hujibu swali la nchi iko wapi machoni pa ajaye. Zote mbili ni viambishi awali vya mahali, na orodha ya safu mbili haiwezi kuzitofautisha.

Huenda pakatolewa hoja kwamba jina likizoeleka kiambishi chake hufa, na kwamba hakuna akumbukaye ng'ambo asemapo Trans Nzoia. Hoja hii ina uzito. Wakazi wa Ng'ambo ya mji wa Zanzibar wanaiita mitaa yao wenyewe Ng'ambo, ingawa jina hilo lilitokana na macho ya Mji Mkongwe, uliotengwa nao na mkono wa bahari. Hata hivyo kiambishi kilicholala huweza kuamshwa. Transjordan iliundwa mwaka 1921 kama nchi ya ng'ambo ya mto Yordani. Ilipokwisha kutawala pande zote mbili za mto, mwaka 1949 ilijiita Yordani tu. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, watu wengi wakahamia Trans Nzoia kutoka upande wa Bungoma bila kuuvuka mto huo, na kiambishi kikabaki kilivyo.

Si kazi ya isimu kuamua kama jina hilo libadilishwe. Kazi yake ni kumwezesha mwanafunzi alisome. Mwalimu wa Kitale afundishaye "trans-" hana haja ya mfano kutoka mbali. Ataje kaunti yake, achore mto ubaoni, kisha aulize: aliyesema "ng'ambo" alikuwa amesimama wapi? Mwanafunzi atakayejibu swali hilo atakuwa amejifunza kwamba kiambishi hubadili neno, na kwamba mara nyingine huonyesha pia ni nani aliyelibadili.