Ukuta wa mega moja: nasifu, lakini niko na neno

Leo sikuleta politiki. Nataka tuhakiki kazi ya fundi, kama vile tunahakikiaka kitabu: rekebisho la mwaka 2021 katika Linux, toleo 5.13, lenye linakataza kerneli kutumia mega ya kwanza ya memwari kwenye mashini za x86. Mwenye kuliandika ni Mike Rapoport.

Kwanza tuelewane. Mashini ikianza kuwaka, kerneli haina bado msimamizi wake mkubwa wa memwari. Iko na karani mudogo tu, memblock, mwenye kushika daftari mbili: moja ya memwari yote yenye iko, ingine ya sehemu zenye zimekwisha kushikwa. Mtu akiomba nafasi, karani anaangalia daftari zote mbili, kisha anakata parseli. Sisi wa huku tunajua hatari iko wapi: parseli yenye haikuandikwa itauzwa mara mbili.

Na njo ilikuwa inafika. BIOS, ile programu ya fabriki yenye kuamsha mashini mbele ya kerneli, iko kama mwenye parseli wa zamani: ameuza, lakini usiku anarudi kulima. BIOS zingine zinaendelea kuandika chini ya kilobaiti 640 hata kisha kerneli kushika mashini. Hakuna kelele. Data inageuka kimya kimya, na ajali unaiona kisha, mahali pengine kabisa.

Mwaka niliandika memwari yangu ya lisansi, mashini yangu ya okazioni ilikuwa inaanguka kila mara nikiiamsha kisha kulala. Kurasa nyingi zilienda. Sitasema ni BIOS, sikupima. Lakini toka siku ile marekebisho ya namna hii nayasoma na moyo, hapana na akili tu.

Mbele ya hapo walijaribu njia mbili. Ya kwanza: orodha ya BIOS zenye zinajulikana kuwa na tabia mbaya. Orodha inachelewa kila mara; mpaka mtu aumie njo jina linaongezwa. Ya pili, toka 2010: kufunga kilobaiti 64 za kwanza, na mwenye mashini anaweza kubadilisha kipimo, toka 4 mpaka 640, na neno reservelow=. Hapa nakataa. 64 ilikuwa kukisia, na kumwachia mtumiaji achague ni kumwambia mgonjwa ajipimie dawa.

Rapoport aliacha kukisia. Lakini kwangu uzuri hauko kwenye ukuta, uko kwenye utaratibu. Kuna kitu kimoja lazima kikae chini ya mega moja: trampolini, kipande kidogo cha programu chenye kuamsha prosesa zingine, juu prosesa hizo zinaanzia tu ndani ya mega ya kwanza. Ukifunga yote mbele, trampolini inakosa kikao. Basi anafunga kilobaiti 64 mbele mtu yeyote aombe nafasi. Kisha anaweka trampolini. Kisha anafunga yote yenye inabaki. Rekebisho lenyewe lilizaliwa juu ya utaratibu: wakati wa kutayarisha 5.13 walipanga upya kazi ya kushika memwari mapema, na mashini zingine zikakataa kuwaka. Katika 5.14 wakatosha na reservelow= yote. Vizuri sana.

Wengine wanasema ni kupoteza memwari. Kwenye mashini ya giga 4, mega moja ni sehemu moja ya 4096, na yenye iko juu ya kilobaiti 640 tayari ilikuwa imefungwa. Lawama hiyo haina uzito.

Yangu njo hii. Kwanza, trampolini ingali inakaa ndani ya shamba la yule mzee. Juu ya kilobaiti 64, hakuna kitu kinamzuia kuikanyaga. Hatari imepungua sana, lakini haikuisha, na tusiseme imeisha.

Ya pili inaniuma zaidi. Ukuta unamkinga mtumiaji, lakini unamfunika mkosaji. Kerneli iko na mlinzi mwenye anaweza kupita kila sekunde 60 kuangalia kama BIOS imeandika mahali haikuitwa; lakini kwa kawaida hawamuamshi, na kipimo chake cha kawaida ni kilobaiti 64 tu. Ukuta umekuwa mkubwa, macho ya mlinzi yamebaki pale pale. Fabriki itajuaje kama ilikosa, kama hakuna mwenye anashuhudia?

Kwa mwenye mashini ya okazioni, nasema asante kwa ukuta. Kama kazi ya ufundi, naipa alama ya juu. Kama ushahidi, naipa nusu. Nyinyi mwenye mlisoma informatike, mungeamuaje? Andikeni hapa chini, tubishane kwa heshima.