Juu ya Kuchagua Rangi za Jamii

Rangi ni lugha isiyo na sauti. Mtu aweza kufumba kinywa, lakini vazi lake likasema; chama chaweza kunyamaza, lakini bendera yake ikanena. Kwa kuwa rangi husema, yampasa anayezichagua ajue anataka kusema nini, na ajue vilevile ni nani watakaosikia. Wewe, msomaji, pengine hutaombwa kamwe kuchagua rangi za taifa; lakini siku moja utaombwa kuchagua rangi za timu, za chama cha mjadala, au za kikundi cha vijana wa kijiji chako. Wengi hudhani kuwa kazi hiyo ni ya macho tu. Mimi nadhani ni kazi ya haki pia, na nitajaribu kukuonyesha kwa nini.

Twende Busia na Malaba, miji ya Kenya iliyo katika mpaka wa Uganda. Busia ni jina moja lililokaa katika nchi mbili. Malaba vilevile, na mto ndio uliogawa. Malori yaendayo Kampala, Rwanda na Kongo hupanga foleni hapo, na reli itokayo Mombasa huvukia Malaba. Mwezi wa Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani huko Busia, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Upande mmoja hupepea bendera ya Kenya, na upande wa pili bendera ya Uganda. Aliyesimama hapo ana somo la rangi mbele yake, wala halipi ada.

Kwanza tuzitazame kwa macho peke yake. Bendera ya Kenya ina nyeusi juu, nyekundu kati na kijani chini, na mistari myembamba myeupe imepita katikati ya rangi hizo. Usiidharau mistari hiyo. Nyekundu na kijani zikikutanishwa bila mpaka hugombana, na wapo watu, wengi wao wanaume, ambao macho yao hayawezi kuzitenga rangi hizo mbili. Nyeupe huwaamua wagomvi hao na kumsaidia mwenye macho hayo. Wachora nembo wa Ulaya wa zamani walikuwa na kanuni ya namna hiyo: rangi mbili nzito zisikutane bila nyeupe au manjano kati yake.

Bendera ya Uganda ina mistari sita: nyeusi, manjano, nyekundu, kisha nyeusi, manjano, nyekundu tena. Manjano imefanya kazi yake vema palipo na manjano. Lakini katikati ya bendera nyekundu ya juu imeketi juu ya nyeusi ya chini pasipo kitu cha kuzitenga, na jua likizama rangi hizo mbili huelekea kuwa moja. Tena katika duara jeupe yumo korongo mwenye taji, ndege mzuri mno, ambaye amechorwa kwa manyoya na rangi nyingi. Karibu apendeza, mbali huwa doa. Ngao na mikuki miwili ya Kenya ina umbo linalotambulika hata na dereva wa lori aliye mwisho wa foleni. Kwa hukumu ya macho, basi, Kenya imeshinda.

Lakini hukumu ya macho ni nusu ya hukumu. Tuulize zilikotoka rangi hizi. Kabla ya uhuru wa Uganda, chama cha DP kilipokuwa katika serikali, ulichorwa mfano wa bendera yenye kijani, buluu na manjano, na kivuli cha korongo katikati. Aprili 1962 DP ilishindwa katika uchaguzi, na mfano wake ukashindwa pamoja nayo. Serikali ya UPC ilileta mchoro mwingine, kazi ya waziri Grace Ibingira, na huo ndio uliopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962. Tazama jambo hili kwa makini: rangi zote za kwanza zilibadilika isipokuwa manjano, lakini korongo alibaki. Washindi na washindwa waligombana juu ya rangi, wala hawakugombana juu ya ndege. Kwa maana rangi zilikuwa za vyama, na ndege alikuwa wa wote. Korongo yule niliyemtoa kasoro kuwa ni doa kwa mbali ndiye kitu chenye haki kuliko vyote katika bendera ile.

Kenya nayo haikuepuka jambo hilo. Nyeusi, nyekundu na kijani zilikuwa rangi za KANU, chama kilichoshinda. Kama bendera ingeishia hapo, kila asiyekuwa wa KANU angeitazama kama mgeni aitazamavyo nyumba ya mwenyeji. Nyeupe iliyoongezwa, ikaitwa amani, na ngao isiyokuwa ya chama, ndivyo vilivyoifungua nyumba hiyo kwa wengine kabla ya tarehe 12 Desemba 1963. Mistari ile myembamba, ambayo mtu angedhani ni pambo, imebeba mzigo mkubwa kuliko upana wake.

Sasa nikuonyeshe jambo ambalo mpakani huonekana wazi kuliko mahali pengine. Bendera zote mbili zina nyekundu. Ukimwuliza mwanafunzi wa Kenya maana yake, atakujibu kuwa ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Vuka mpaka, umwulize mwenziwe wa Uganda. Atakujibu kuwa ni udugu, yaani damu moja ipitayo katika mishipa ya Waafrika. Rangi ni ile ile, na damu ni ile ile. Mmoja aiona ikimwagika, mwingine aiona ikiunganisha. Basi maana haimo ndani ya rangi kama sukari imo ndani ya muwa. Maana hutiwa na watu, na watu wasipoifundisha hupotea.

Je, ipi katika maana hizo mbili yawafaa watu wa Busia na Malaba? Waiteso wako pande zote mbili za mpaka. Wasamia hali kadhalika. Mpaka wenyewe umehamahama: kabla ya 1902 nchi ya Uganda ya wakoloni ilifika mpaka Naivasha, kisha sehemu yake ya mashariki ikahamishiwa upande ambao leo ni Kenya. Mstari ulipita juu ya watu, watu hawakupita juu ya mstari. Siibezi damu ya mashujaa wa Kenya; heshima yao ni deni lisilolipika. Lakini kwa mtu ambaye shangazi yake yuko ng'ambo ya mto, nyekundu ya Uganda yasema kweli iliyo karibu zaidi. Damu ni nzito kuliko maji, hata maji ya mto wa Malaba.

Iko bendera ya tatu, ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Imekusanya rangi za bendera za nchi wanachama katika mistari juu ya buluu ya Ziwa Viktoria. Nia ni njema, lakini njia ina hatari. Jumuiya ilianza kazi mwaka 2000 ikiwa na nchi tatu. Sasa, tangu Somalia ilipoingia 2024, ni nane. Kama kila ajaye ataongezewa mstari wake, bendera itakuwa nguo ya viraka. Nguvu yake imo katika buluu. Ziwa halikuwa la chama wala la taifa moja. Busia yenyewe hulifikia huko Port Victoria. Rangi ya kitu ambacho watu wanakishiriki hushinda rangi kumi zilizokusanywa ili asinung'unike mtu.

Msomaji, hayo ndiyo utakayochukua siku utakapokaa na wenzako kuchagua rangi. Uliza kwanza kama zitaonekana kwa mbali, jioni, na kwa mwenye macho dhaifu. Kisha uliza ni za nani: je, ni za wale waliopata kura nyingi tu, au hata aliyeshindwa atazivaa bila kuona haya? Mwisho uliza ni nani atakayewafundisha wadogo maana yake. Jibu la swali la kwanza utalipata kwa fundi wa rangi. Jibu la pili hulipati isipokuwa kwa kumsikiliza yule aliyeketi kimya mwisho wa benchi wakati wengine wanapiga makofi. Mwite aseme, kabla rangi haijakauka.