Mchezo wa Sataranji wa Paris, 1858

Wasomaji wetu wachezao sataranji yamkini wameusikia mchezo huu. Mwaka 1858, katika jumba la nyimbo mjini Paris, Paul Morphy, kijana Mmarekani wa miaka 21, alicheza peke yake na mabwana wawili walioshauriana: Mtawala wa Brunswick, aliyekuwa amefukuzwa katika nchi yake mwaka 1830, na mwenzake, Count Isouard. Hatua zote ziliandikwa, nasi tumezifuata ubaoni.

Wengi huusifu mwisho. Katika zamu ya 16 Morphy alimtoa malkia wake bure. Adui akalazimika kumla kwa farasi, na ngome ikamfunga mfalme katika zamu ya 17. Mwisho huo wapendeza, hatukani. Lakini vijana tuwafundishao, wakisha kuuona, hutoa malkia wao ovyo na kushindwa upesi. Sisi twaona ya kuwa uzuri wa mchezo u katika zamu ya 8, isiyo na kishindo.

Hapo malkia wa Morphy alikuwa akimtazama askari asiye na mlinzi. Kama angalimla, adui angalimleta malkia wake kumtisha mfalme, na malkia wote wawili wangalitoka ubaoni. Morphy angalibaki na faida ya askari mmoja, na vita virefu mbele yake. Akamwacha askari yule, akamtoa farasi wake aliyekuwa angali nyumbani.

Wapinzani wake hatuwezi kuwasifu. Mapema walimtoa askofu wao (ndivyo Waingereza waiitavyo kete hiyo, msituulize sababu) wakambadilisha kwa farasi, na kwa hiyo wakamwita malkia wa Morphy aje vitani. Katika zamu ya 9 wakasukuma askari ili kumfukuza askofu wa Morphy. Yeye hakukimbia, alitoa farasi, akapata askari wawili, na njia ya kumwendea mfalme ikafunguka. Mchezo ulipokwisha, ngome yao moja na askofu aliyesalia walikuwa hawajaondoka mahali walipopangwa.

Wako wasemao ya kuwa kuwashinda watu dhaifu si kitu. Hatukubali. Mabingwa wawili wakichezana, makosa huwa madogo hata mwanafunzi asiyaone. Humu kila kosa laonekana pamoja na adhabu yake. Mwenye ubao na azipange kete kama zilivyokuwa katika zamu ya 8, amle kwanza yule askari, aone mchezo utakavyokwenda polepole. Kisha azirudishe, amtoe farasi.